Carina Ti ya mama: shajara ya kubandua mikanda ya milangoni

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimeanza rasmi. Gari ni Toyota Carina Ti ya 1998, nyeupe, injini ya 5A. Mama alilinunua likiwa mtumba wa Japani, na miaka yote limekaa hapa Tanga. Sasa mimi ndiye ninayelihudumia, na nataka limfikishe mbali zaidi.

Kilichonisukuma ni kidonda kimoja cha kutu. Kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, chini kidogo ya ule mkanda wa plastiki unaopita ubavuni, rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge la moto. Nikaligusa kwa ukucha, likapasuka, ukamwagika unga wa kahawia. Kwa anayeishi karibu na bahari hilo si jambo la kusema nitalitazama mwakani. Hewa yetu ina chumvi, na mkanda ule umebandikwa kwa gundi tu: kati yake na bati kuna kijifereji ambacho vumbi huingia, maji ya mvua yakalilowesha, na tope hilo likakaa na unyevu hata siku ambayo gari zima limekauka. Nimeamua kuibandua yote minne nione kilichoko nyuma yake.

Mama alikuwa barazani. Akaniuliza, "Mwanangu, hivyo vidude vimekukosea nini?" Nikampeleka nikamwonyesha lile lengelenge. Akainama, akalitazama kwa muda. "Haya, toa. Lakini usivitupe. Vimeniokoa sokoni mara nyingi." Hana makosa. Pale Mgandini anapoegesha, mikokoteni inapita ubavuni kabisa, na makovu yote ya mikokoteni yako kwenye mikanda, si kwenye rangi.

Kazi ya leo ilikuwa kuosha na kupima tu. Nimeosha kwa sabuni na brashi laini, hasa ukingo wa juu wa kila mkanda, na maji yaliyotoka humo yalikuwa meusi. Kisha nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaifunga kwa kitambaa isikwaruze, nikaipitisha kwenye kila mlango. Mitatu inashika vizuri kote. Ule wa nyuma wa kushoto, kuanzia usawa wa mkanda kushuka chini, sumaku inashika kidogo kisha inateleza. Maana yake kuna puti chini ya rangi, ile ya kujazia bati lililobonyea. Mama akakumbuka kuwa bodaboda iliwahi kuugonga mlango huo, ukapelekwa gereji. Hili ni muhimu kulijua kabla ya kushika chombo cha joto, kwa sababu rangi ya kiwandani huokwa tanurini kwenye joto la nyuzi 140 hivi, lakini ya gereji hukaushwa kwa hewa au kwa joto dogo tu. Mlango huo nitaufanya mwisho.

Nimepima pia umbali kutoka ukingo wa chini wa kila mlango hadi mkanda, mbele na nyuma, nikaandika. Ikiwa itarudi, irudi ilipokuwa.

Jumapili, 6 Julai

Mlango wa mbele wa kulia. Nilianza saa moja asubuhi ili niwahi jua, na hapo ndipo nilipokosea. Msimu huu wa kusi asubuhi ina ubaridi, bati lilikuwa baridi, na gundi ilikuwa ngumu kama kisigino. Nilikuwa na mshipi mwembamba wa kuvulia. Nikaupenyeza nyuma ya ncha ya mkanda, nikavuta. Ukakatika. Nikavuta mwingine, ukakatika. Mara ya tatu ukanikata kidole.

Ami yangu, ambaye amevua maisha yake yote, alikuwa anapita kwenda Deep Sea, kwenye mwalo wa samaki. "Shikamoo ami." "Marahaba. Unavua nini hapo pasipo na maji?" Nikamweleza. Akauchukua mshipi akaupima kwa vidole. "Huu wa changu wadogo. Ngoja." Jioni yake asingeweza kunipitia, kwa hiyo alirudi nyumbani palepale akaniletea mshipi mnene, kama wa milimita 0.7, na vijiti viwili vya kufungia ncha ili nisishike mshipi kwa mikono mitupu. Akanionyesha. "Usivute kuja kwako kama unatoa ndoo kisimani. Msumeno hukata mbele na nyuma. Peleka, rudisha, peleka, rudisha, na uuache wenyewe ushuke."

Saa sita jua lilikuwa limeshalipasha bati. Nikaongeza draya ya nywele kutoka saluni ya dada, nikiisogeza bila kusimama mahali pamoja, karibu kiganja kimoja kutoka kwenye plastiki. Kipimo changu ni mkono: bati liwe la moto lakini niweze kuweka kiganja kwa sekunde mbili tatu. Likinifanya nitoe mkono mara moja, nimezidisha. Bunduki ya joto ya mafundi nina rafiki wa kuniazima, lakini sikuitaka. Ile inaweza kuchoma rangi kabla hujaona moshi.

Hapo kazi ikageuka. Gundi yenyewe ni utepe wa sponji wa akriliki, wenye kunata pande zote mbili, na una tabia ambayo inafaa kuielewa. Ukiung'oa kwa nguvu ya ghafla unakataa kabisa, na kitakachotoka kwanza ni rangi au bati litakunjika. Ukiupasha na kuuvuta kwa nguvu ndogo isiyokatika, unanyooka, unalegea, unaachia. Nilikuwa napasha urefu wa shubiri moja, nakata kwa mshipi, napasha shubiri nyingine. Nyuzi nyeupe za sponji zilikuwa zikitanuka kati ya mkanda na mlango kama jibini ya moto, kisha zinakatika bila sauti.

Karibu na mwisho mshipi ukagoma. Sikulazimisha. Nikainua kidogo nikachungulia kwa tochi ya simu: kuna kijiti cha plastiki nyuma ya ncha ya mkanda, kimeingia kwenye tundu la bati. Nikakibana kwa koleo ndogo, nikakisukuma, kikatoka kizima. Kama ningevuta kwa hasira ningekivunja, na tundu lingebaki na kipande ndani.

Dakika arobaini kwa mlango mmoja. Mkanda umetoka mzima, haukupinda. Nimeulaza juu ya ubao mnyoofu kivulini, maana plastiki ikipoa ikiwa imejikunja inabaki hivyohivyo.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba

Sikukuu, kwa hiyo nimepata siku nzima ya kusafisha mabaki. Watu wakifikiria kubandua mikanda wanafikiria kubandua. Kubandua ni theluthi ya kazi. Nyuma yake kunabaki utepe wa gundi wa upana wa vidole viwili, mweusi kingo, wa kijivu katikati, umeshika rangi kama ulizaliwa nao.

Nilijaribu vitu vinne, kila kimoja kwanza kwenye fremu ya mlango, mahali pasipoonekana mlango ukifungwa. Petroli inakauka kabla haijafanya lolote, na sipendi kuwa na petroli uani ambako kuna jiko la mkaa. Spiriti inaondoa grisi na alama lakini sponji haiigusi. Thina inalainisha gundi vizuri, ila kitambaa kilitoka na weupe wa rangi, kwa hiyo nikaiweka kando. Mafuta ya taa ndiyo yaliyonifaa. Nililowesha kitambaa cha pamba, nikakilaza juu ya gundi, nikakifunika kwa mfuko wa plastiki na kukibana kwa tepu ya karatasi, nikaenda kunywa chai. Baada ya robo saa sponji ilikuwa imevimba na kulegea. Hapo nikaanza kuikunja kwa kidole gumba: unasukuma polepole kutoka ukingoni, inajiviringisha, inatoka kama tambi nene ya kijivu. Ukipata mwendo wake unaweza kutoa kipande cha urefu wa kidole kwa mara moja. Ukiharakisha inakatika na kujipaka tena.

Mahali pagumu nilitumia kadi ya zamani ya benki, nikiishika kwa pembe ndogo. Wembe umekatazwa hapa uani. Nimeona magari yaliyosafishwa kwa wembe na mistari yake haiondoki.

Mafuta ya taa yanaacha utelezi, na hakuna rangi wala tepu itakayoshika juu yake. Nimeosha mara mbili kwa maji ya sabuni, nikamalizia kwa spiriti.

Na sasa mlango uko wazi. Bati ni zima, hakuna kutu hata ya ukubwa wa punje, isipokuwa duara jembamba la kahawia kuzunguka lile tundu la kijiti. Nilifurahi sana kuona hivyo.

Jumamosi, 12 Julai

Milango miwili leo: nyuma kulia na mbele kushoto. Mshipi ule ule, jua la saa sita, draya. Sasa najua kijiti kiko wapi na sihangaiki. Saa moja na nusu yote miwili.

Wiki hii pia nimepokea kwa basi kutoka Dar gurudumu la mpira la kufungwa kwenye drili, lile linalofuta gundi kama kifutio kinavyofuta penseli. Nimelijaribu kwenye mlango wa mbele wa kushoto. Linafanya kazi ya saa moja kwa dakika kumi. Lakini lina masharti yake. Drili iende taratibu, gurudumu liguse na kuondoka bila kukaa, na kila baada ya muda uguse bati kwa mkono, kwa sababu msuguano unaleta joto haraka kuliko draya. Linatoa unga mwingi mweusi, vaa miwani. Kwenye rangi ya kiwandani nimeliamini. Kwenye ule mlango wa puti sitalipeleka.

Jumapili, 13 Julai

Mlango wa nyuma wa kushoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubaya, na bado umenishtua.

Kwanza, mkanda wenyewe haukushikiliwa na utepe wa sponji kama mingine. Waliourudisha baada ya ajali walipaka silikoni, na mshipi hauwezi kupita vizuri kwenye silikoni kwa sababu ina mabonge. Nikapasha kidogo sana, nusu ya joto nililotumia kule, nikawa nakata bonge moja moja. Karibu na ncha ya mbele mshipi ukasimama. Nilidhani ni kijiti. Nikaichimbua silikoni kwa kadi, na chini yake nikaona kichwa cha skrubu. Skrubu ya chuma, ya kawaida kabisa, imepigwa kutoka nje kupita mkanda hadi kwenye bati, kisha kichwa kikafichwa kwa silikoni. Haikupakwa chochote tundu lake. Ilikuwa imekula kutu hadi msalaba wa kichwa umejaa unga, bisibisi haikupata pa kushika. Ilibidi niikate kwa msumeno mdogo wa chuma, taratibu, nikiwa nimeweka kipande cha bati jembamba chini yake kulinda rangi.

Nilikaa chini kwa muda. Lile lengelenge lilikuwa vidole vitatu chini ya skrubu hiyo. Maji yaliingia kwenye tundu, yakatambaa kati ya puti na bati, yakajitokeza chini. Skrubu moja iliyookoa dakika tano za kazi ya mtu imeula mlango wa mama kwa miaka.

Pili, kosa langu. Silikoni haijali mafuta ya taa. Nikiwa nimechoka, nikachukua thina, nikasugua pembe moja. Rangi ya gereji ikalainika palepale, kitambaa kikanata, kikaacha alama ya nyuzi zake kwenye rangi. Kipande cha ukubwa wa sarafu. Nilikuwa nimeijaribu thina mwenyewe Saba Saba na nikaiweka kando, leo nikaisahau. Silikoni iliyobaki nimeitoa kwa kadi na kidole, kavu, hadi magharibi.

Jambo moja la ajabu: pale mkanda ulipokuwa, rangi ni ile ya awali, laini, nyeupe safi. Juu na chini yake ni ya gereji, na mpaka kati yake ni ngazi unayoihisi kwa ukucha. Yaani walipaka rangi mkanda ukiwa mahali pake, wakauziba kwa tepu, kisha baadaye ulipolegea wakaurudisha kwa silikoni na skrubu.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefungua paneli ya ndani ya mlango huo ili nione bati kwa nyuma. Nilipolaza kichwa nikasikia maji yakicheza ndani, na mvua ya mwisho ilikuwa siku tatu zilizopita. Kila mlango wa gari una matundu madogo kwenye ukingo wa chini kabisa, kwa sababu maji yanayopita kwenye kioo huingia ndani ya mlango kila mvua inaponyesha, na ndiyo njia yake ya kutoka. Matundu ya mlango huu yalikuwa yamezibwa kwa tope na puti. Nikaingiza waya laini, nikaizungusha. Maji yakatoka yenye rangi ya chai ya rangi, karibu nusu ya kikombe, kisha matone kwa muda mrefu.

Kwa hiyo kutu ilikuwa na milango miwili ya kuingilia, skrubu kwa nje na bwawa kwa ndani. Nimekwenda palepale kuzibua matundu ya milango yote minne. Mitatu ilikuwa inapumua vizuri. Kama una gari la umri huu na hutafanya kitu kingine chochote katika haya niliyoandika, fanya hilo la waya leo jioni.

Mchana fundi bodi wa mtaani kwetu alikuja. Tukakwangua lengelenge na puti yote ya zamani hadi bati jeupe likaonekana, eneo la kama kiganja. Katikati kulikuwa na vitundu vitatu vya ukubwa wa kichwa cha pini, pamoja na lile la skrubu. Tulijadiliana. Yeye alitaka kuziba kwa puti ya nyuzi na kumaliza. Nikamwomba achomelee, kwa sababu puti inanyonya unyevu kutoka nyuma na tutarudi hapahapa. Bati la mlango ni jembamba, halifiki milimita moja, likipata moto mwingi linajikunja. Akakubali: nukta moja, kitambaa chenye maji, subiri, nukta nyingine. Alikuwa mvumilivu kweli. Akasaga, tukapaka dawa ya kutu ndani na nje, kisha praima, yaani rangi ya msingi. Ndani ya mlango nimepulizia mafuta mazito ya kuzuia kutu, hasa kwenye mshono wa chini, nikiacha matundu wazi.

Matundu ya vijiti kwenye milango mitatu mingine nimeyakwangua ile duara ya kahawia, dawa, praima, na tone la rangi kwa brashi ndogo.

Jumapili, 20 Julai

Leo ni kivuli. Ukisimama mbali unaona mkanda bado upo, ingawa haupo: mstari mweupe unaong'aa, na kuuzunguka rangi iliyopauka kwa jua la miaka. Rangi ya gari hili ni namba 040, imeandikwa kwenye kibati cha chumba cha injini, nyeupe ambayo kila fundi rangi anaijua. Haina tabaka la klia juu, ile rangi angavu ya kulinda, na unalithibitisha ukiisugua: kitambaa kinatoka cheupe. Ndiyo maana inapauka na kuwa kama chaki, na ndiyo maana pia inasameheka. Tabaka la juu lililokufa likitoka, chini yake rangi ni hai.

Nimesugua kwa kampaundi, dawa ya kung'arisha rangi, na sponji, kwa mkono, nikianzia kwenye eneo lililopauka na kuacha eneo la mkanda karibu bila kuligusa. Mlango wa mbele wa kulia umekubali baada ya raundi tatu. Mstari umepotea hadi uuvizie kwa pembe jioni. Wa mbele wa kushoto bado unauona. Upande huo ndio unaopigwa na jua la mchana pale tunapoegesha. Sitausugua zaidi, rangi siyo kisima.

Jumamosi, 26 Julai

Fundi rangi amepuliza mlango wa nyuma wa kushoto. Kabla yake nilisaga ile ngazi kwa msasa wa maji, namba 800 kisha 1500, hadi ukucha ukapita bila kukwama. Weupe umelingana kuliko nilivyotarajia.

Nikampeleka mama aone. Akapita kila mlango akiugusa. Mimi nilikuwa na hoja zangu tayari: gari limekuwa jepesi kwa macho, hakuna pa tope kukaa. Akasema, "Limependeza. Sasa Jumatatu nitaegesha wapi?" Sikuwa na jibu. Yeye ndiye anayeliendesha.

Jumamosi, 2 Agosti

Mikanda inarudi, kwa namna nyingine. Utepe wa zamani ulikuwa mwembamba kuliko mkanda, ndiyo maana kulikuwa na kijifereji ukingoni. Nimenunua utepe wa akriliki wa pande mbili na kuubandika kwa safu mbili, ya juu ikifika ukingoni kabisa ili maji yasipate pa kuingia. Nyuma ya mikanda nimesafisha kwa spiriti, milango pia. Vijiti nimevikata, matundu yake yamezibwa na hayatafunguliwa tena. Nimesubiri hadi saa saba mchana bati liwe na joto, nikafuata vipimo nilivyoandika siku ya kwanza, nikabandika na kukandamiza kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, mkanda mmoja dakika tano.

Gundi hii inahitaji siku 3 kufikia nguvu yake yote. Nimemwambia mama gari lisioshwe hadi Jumanne, na mlinzi wa nyumba ya jirani ambaye hulimwagia maji kila asubuhi kwa wema wake nimemwambia pia. Mkanda wa nne, wa mlango uliopakwa rangi mpya, uko juu ya kabati umefungwa kwa gazeti. Rangi hiyo inahitaji mwezi mzima wa kupumua kabla haijafunikwa.